Msaidie mtoto mwenye mtindio wa ubongo kuutambua mwili wake

Mtindio wa ubongo hutokea pale ubongo wa mtoto unapoumia ukiwa bado unakua: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au akiwa mdogo. Unaweza kusababishwa na kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya mtoto mchanga au homa ya uti wa mgongo. Hauambukizi, si uchawi, wala si adhabu kwa mama. Jeraha la ubongo halifutiki, lakini haliongezeki, na mtoto anaweza kujifunza.

Kwa nini mwili unamsumbua?

Fumba macho, kisha gusa pua yako. Umeipata bila kuiona, kwa sababu misuli na viungo vinaupa ubongo habari: mkono uko hapa, umekunjwa hivi. Kwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo, habari hizo hazifiki vizuri. Mtoto akilazwa chali mkekani mchana kutwa, anazikosa zaidi. Haioni mikono yake, hashiki miguu yake, hajui kukaa kukoje.

Tiba kazi ni nini?

"Kazi" hapa ni kazi za mtoto: kula, kuoga, kuvaa na kucheza. Mtaalamu wa tiba kazi humfundisha kupitia shughuli hizo. Wataalamu hawa, ambao wengi husomea KCMC, Moshi, bado ni wachache. Kutoka Nalasi hadi Songea ni mbali na nauli si ndogo, hivyo sehemu kubwa ya tiba iko mikononi mwako.

Fanya hivi kila siku

- Kuoga: Msugue polepole kwa kiganja chote, ukitaja: "Huu mkono wako. Hili goti lako." Mguso mwepesi wa ghafla unaweza kumshtua akakakamaa. Mletee mikono yote miwili mbele, aguse uso wake.
- Kuvaa: Anza na mkono uliokaza zaidi, wakati wa kuvua, uwe wa mwisho. Sema "lete mkono", kisha subiri. Anahitaji muda.
- Kubeba: Miguu ikipishana kama mkasi, mbebe mgongoni au kiunoni ikiwa imepanuliwa. Usimwinue kwa kumvuta mikono. Mgeuze ubavu kwanza.
- Kula: Mketishe wima, kichwa kiiname mbele kidogo. Akilishwa amelala, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa na kumletea nimonia.
- Kucheza: Tumbukiza mikono yake kwenye beseni la mchele. Kaa naye, asije akapaliwa.

Kiungo kilichokaza usikinyooshe kwa nguvu. Msimu wa korosho, ukienda shambani, bibi au dada anayebaki naye afundishwe haya yote.

Lini umpeleke kituoni?

Mtoto wa miezi 4 ambaye shingo haijakaza, au wa miezi 9 asiyeweza kukaa mwenyewe, apimwe. Mpeleke haraka akipata degedege, akipaliwa kila anapokula, au akipungua uzito. Dawa za degedege usizikatishe bila kuambiwa na mhudumu. Omba rufaa, na ukifika hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Songea, ulizia fiziotherapia na tiba kazi. Ukiweza, nenda na yule anayebaki na mtoto nyumbani, naye aonyeshwe.