Je, Wajua? Muliro Alisoma Cape Town Kabla Mlango Haujafungwa

Uwanja wa michezo wa Kanduyi, Bungoma, una jina la Masinde Muliro. Mzee huyo, mzaliwa wa Bungoma aliyekuja kuwa mbunge upande wa Kitale, alijiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1949, makaburu wa chama cha National wakiwa ndio kwanza wameshika serikali ya Afrika Kusini. Darasani weusi waliketi pamoja na wazungu. Dansi na michezo ya chuo haikuwahusu.

Alirejea Kenya 1954 na shahada yake. Mwaka 1957, wanafunzi na wahadhiri wa chuo hicho waliandamana mjini kupinga mswada wa kuwafungia weusi nje. Hawakusikizwa. Mwaka 1959 sheria ikapita: mweusi haandikishwi bila kibali cha waziri. Na jina la sheria yenyewe? Sheria ya Kupanua Elimu ya Vyuo Vikuu. Ajabu ya kupanua!

Muliro naye, mwaka huohuo wa maandamano, aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, miongoni mwa Waafrika 8 waliochaguliwa Machi 1957.