Baridi ya Njombe na picha za viumbe wadogo

ANAYETOKA msikitini mjini Njombe baada ya Swala ya Alfajiri, mwezi wa Juni au Julai, hupokewa kwanza na baridi. Mji umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi hiyo joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na mabondeni sakitu huweka weupe juu ya nyasi. Wengi wetu hujifunika makoti na kuharakia chai. Makala haya yanawahusu wachache wasioharaka: vijana, na siku hizi baadhi ya wazazi wao, wanaopiga magoti kando ya mashamba ya viazi na miparachichi, simu mkononi, wakimpiga picha nyuki aliyelala au buibui aliyefunikwa na umande.

Wenye kamera huziita picha hizi picha za makro. Kwa maana yake kamili, ni picha ambayo kiumbe hutokea ndani ya kamera, juu ya kile kipande kinachopokea mwanga, kwa ukubwa wake halisi: mdudu wa milimita 10 akachukua milimita 10. Picha hiyo ikikuzwa juu ya karatasi, sisimizi huwa mkubwa kama paka, na kila unywele wake huhesabika.

Ugumu wa kazi hii unajulikana kwa yeyote aliyeijaribu. Mdudu hakai. Ukimsogelea kwa sentimita tatu, keshakwenda. Ndipo inapokuja neema ya baridi yetu. Wadudu walio wengi, na buibui pamoja nao, hawajitengenezei joto kama sisi. Miili yao hufuata hewa iliyowazunguka. Nyuki huona tabu kuruka joto likiwa karibu na nyuzi 10. Kipepeo hukaa juu ya ua na mbawa zilizofungwa kama kitabu. Wapo nyuki wapweke, wasio na mzinga wala malkia, ambao madume yao hulala nje kwa kuuma bua la jani kwa taya na kuning'inia hapo usiku kucha mpaka jua liwapashe. Kiumbe wa namna hii humpa mpiga picha nusu saa nzima. Mwenzetu wa Tanga au Dar es Salaam hapewi hata dakika.

Katika nchi nyingi, waliokosa subira wamebuni hila. Humtia mdudu katika friji mpaka apoozeke, kisha humtandaza juu ya ua. Wengine humuua kabisa, wakamchoma pini, wakampiga picha kana kwamba yu hai. Hapa hatutazunguka maneno: picha ya maiti inayouzwa kama uhai ni uwongo, na mateso kwa ajili ya pambo ni dhuluma. Qur'ani Tukufu ina sura zinazoitwa kwa majina ya nyuki, ya sisimizi na ya buibui, na Mtume (s.a.w.) amekataza kuuawa kwa nyuki na sisimizi. Kijana wa Njombe hana udhuru wowote wa kutumia friji. Mlima umempa ya bure, na inafunguliwa kila alfajiri.

Wapo watakaotuuliza hukumu ya kupiga picha zenye roho. Wanazuoni wametofautiana kuhusu picha za kamera, na wengi wa zama zetu wamezitenga na sanamu zinazoumbwa kwa mkono. Anayefuata kauli nyingine tunamheshimu, na kwake yapo maua, umande na utando uliohamwa.

Vifaa si vingi. Simu ya kawaida hutosha kuanzia, pamoja na lenzi ndogo ya kubana juu ya jicho la simu, ambayo huhitaji kusogezwa mpaka sentimita mbili au tatu kutoka kwa mdudu. Wasio nayo hudondosha tone dogo la maji juu ya jicho la simu na kuigeuza taratibu. Tone hilo ni lenzi kamili, ijapokuwa hatumshauri mtu kuijaribu kwa simu ya kuazima. Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha anaweza kuigeuza lenzi yake ya milimita 50 kinyumenyume kwa pete maalumu, au kuweka kati ya lenzi na kamera mirija mitupu isiyo na kioo. Mirija hiyo hufanya kazi moja tu, nayo ni kuisukuma lenzi mbele ili iweze kuona karibu zaidi.

Tatizo kubwa la makro ni wembamba wa sehemu inayoonekana barabara. Katika ukubwa halisi, sehemu hiyo aghalabu haizidi milimita moja. Kilicho mbele yake ni ukungu, na kilicho nyuma yake ni ukungu. Kuibana sana tundu ya lenzi husaidia mpaka kiasi, kisha picha yote hufifia. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kulenga macho. Mguu ukipotea katika ukungu hakuna atakayelalamika, lakini mdudu asiyeonekana macho ni kama mtu aliyepigwa picha kisogo. Wenye uvumilivu zaidi hupiga picha 10, 20 au hata zaidi za kiumbe mmoja, kila moja wakisogea kwa upana wa unywele, na programu ya kompyuta huziunganisha zikawa moja iliyo wazi kuanzia kichwa hadi mkia. Kazi hiyo haiwezekani kwa mdudu aliyechangamka.

Mwanga nao una adabu yake. Taa ya simu ikimulika moja kwa moja, mgongo wa mbawakavu hung'aa kama sufuria na rangi zote hupotea. Kata kikombe cheupe cha plastiki, au tandaza karatasi ya shashi mbele ya taa, mwanga utalainika. Asubuhi ya ukungu haihitaji hata hilo.

Ukishuka kwenda Makambako, safari ya kilomita 60 hivi, mambo hubadilika. Mji ule uko chini zaidi, na ni wa upepo. Kila inapozungumzwa habari ya umeme wa upepo nchini, Makambako hutajwa pamoja na Singida. Kwa mpiga picha wa makro upepo ni adui kuliko joto, kwani bua likitikisika kwa milimita moja tu mdudu amekwisha kutoka katika picha. Wenzetu wa huko wamejifunza kuchomeka kijiti ardhini na kulibana bua kwa kibanio cha nguo, au kulishika kwa vidole vya mkono wa kushoto na kuiegemeza simu juu ya kifundo cha mkono huohuo, ili vyote viwili vitikisike pamoja. Wengine wameachana na mashamba wakahamia kwenye kuta, ambako buibui hatikiswi na kitu. (Wazazi wa Makambako tunawasihi: kuta ziko nyingi, zile za karibu na reli ya TAZARA ziachwe.)

Kwenye kuta hizo ndiko familia nyingi zinakoweza kuanzia. Buibui mrukaji, yule mdogo mwenye manyoya asiyejenga utando wa kutegea, ana macho manane, mawili ya mbele yakiwa makubwa kama taa za gari. Mwingi wa wadudu hukimbia kamera. Huyu hugeuka akaitazama. Katika eneo la Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, wataalamu wamemchunguza mmoja wa jamaa zake, ambaye dume lake lina uso mwekundu na ambaye alipewa jina la kisayansi mwaka 2003, Evarcha culicivora. Chakula anachokipenda ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na kati ya mbu humchagua Anofelesi, yule aenezaye malaria. Uchunguzi huo ulifanyika Mbita, katika kituo cha ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa na Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970. Hatusemi kwamba buibui huyo yupo Njombe. Tunasema kwamba fagio la dari lina haki ya kusita kidogo.

Kutazama kwa karibu si jambo geni. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama ambamo wadudu wana nafasi yao. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra naye, alieleza huko Kairo katika karne ya 11 jinsi jicho linavyopokea mwanga unaotoka kwenye vitu, na alitumia chumba chenye giza na tundu dogo kuuchunguza mwanga huo. Kamera zote ni watoto wa chumba kile. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha michoro ya vitu alivyoviona kwa hadubini, na kiroboto wake alihitaji karatasi ya kukunjua kwa ukubwa. Kilichobadilika leo ni kwamba kazi ya Hooke inaweza kufanywa na mtoto wa darasa la sita kwa simu ya mama yake.

Na huyo mtoto huona nini? Huona kwamba nyuki ana macho matano, mawili makubwa na matatu madogo utosini, na kwamba yale makubwa yameota vinyweleo. Huona kikapu cha chavua kwenye mguu wa nyuma. Humwona vunjajungu uso kwa uso, yule tuliyeambiwa utotoni kuwa anayemgusa atavunja vyombo vya mama, na sahani zikabaki salama. Katika shamba la mahindi huona kwenye paji la kiwavijeshi vamizi mstari mweupe wa Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangika mraba. Alama hizo ndizo zinazomtenga na viwavi wengine, na mkulima asiyeziona hupoteza dawa au hupoteza mahindi. Ipo hata programu ya simu iitwayo Nuru, inayozungumza Kiswahili, inayochunguza majani yaliyoshambuliwa kupitia kamera.

Lakini kwa Njombe ya sasa jambo zito zaidi ni parachichi. Ua la aina ya Hass, inayouzwa nje ya nchi, hufunguka mara mbili: asubuhi ya siku ya kwanza likiwa jike, likajifunga, kisha alasiri ya siku ya pili likiwa dume. Aina kama Fuerte hufuata mpangilio wa kinyume. Picha ya makro huonyesha tofauti hiyo waziwazi, kwani siku ya kwanza sehemu ya kike husimama peke yake katikati, na siku ya pili vijiti vyenye chavua ndivyo vimesimama. Ni nani abebe chavua kutoka lililo dume hadi lililo jike? Ni nyuki na nzi wa maua. Mkenya Dino Martins, mtaalamu wa wadudu aliyetunukiwa tuzo ya Whitley mwaka 2009, ametumia miaka mingi kuwaeleza wakulima wa Afrika Mashariki habari hii, na picha za karibu zimekuwa sehemu ya maelezo yake. Hata hivyo katika mashamba yetu bado tunawaona watu wakibeba bomba mgongoni na kupuliza dawa jua likiwa juu, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa ndani yake.

Mzee mmoja wa jamaa zetu, mwenye maharage na miparachichi kando ya barabara ya kwenda Makambako, alionyeshwa na mjukuu wake picha ya mdudu aliyekuwa akimpuliza kila msimu: mweusi, mrefu, mwenye madoa ya rangi ya chungwa, kama mamba mdogo. Katika picha alikuwa na kidukari mdomoni. Ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, na anakula vidukari vya maharage tangu siku anapoanguliwa. Mzee aliirudisha simu, akaiomba tena, akauliza kama picha ile haikutengenezwa. Kijana alimpeleka kwenye mche akamwonyesha mwenyewe.

Tangu hapo mzee hupuliza magharibi, nyuki wakisharudi mzingani, na miparachichi inapochanua haigusi kabisa. Jirani yake wa upande wa juu bado hupuliza saa nne asubuhi, na dawa huteremka na upepo.