Runinga Huhesabu Nyumba, Si Mashabiki

Novemba 2012, Big Ten, konferensi kongwe na tajiri ya michezo ya vyuo Marekani, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja, ilikikaribisha chuo kikuu cha Rutgers. Kandanda ya Kimarekani ya Rutgers haikuwa na jina kubwa, na vyuo vingi vya Big Ten viko mbali nacho, majimbo ya kati. Lakini Rutgers kiko New Jersey, jirani wa jiji la New York, na jirani huyo ndiye aliyetafutwa.

Big Ten ilikuwa na chaneli yake tangu 2007. Kampuni ya kebo iliyohudumia jimbo lenye chuo mwanachama ililipishwa takriban dola moja kwa mwezi kwa kila nyumba. Pasipo na mwanachama, senti chache tu. Mwenye nyumba atazame mpira au atazame mapishi, ada ilikatwa. Rutgers na chuo kingine kipya, Maryland, vilipoanza kucheza humo 2014, New York, Washington na Baltimore ziligeuka kuwa masoko ya Big Ten. Uwanjani palibaki vilevile. Kilichonunuliwa ni orodha ya nyumba.

Mlango wa biashara hii ulifunguliwa 1984, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoipokonya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, mamlaka ya kuuza peke yake mechi za kandanda za vyuo vyote. Baadaye kila konferensi ikaja kujiuzia, na anayejiuzia hutafuta mali ya kuongeza sokoni.

Siku hizi Wamarekani wengi wamekata kebo, na hesabu imehama kutoka nyumba hadi majina makubwa yanayotazamwa nchi nzima. Agosti 2022 Big Ten ilitia saini mikataba ya miaka saba na Fox, CBS na NBC, ya zaidi ya dola bilioni 7. Miaka miwili baadaye USC na UCLA za Los Angeles zikaanza kucheza humo, pamoja na vyuo vya Oregon na Washington. Kutoka Los Angeles hadi Rutgers ni karibu kilomita 4,000. Mchezaji wa voliboli naye hupanda ndege hiyo, ingawa mkataba haukuandikwa kwa ajili ya voliboli.

Pac-12, konferensi ambayo vyuo hivyo viliihama, hatimaye ilibaki na vyuo viwili: Oregon State na Washington State. Mkenya anayefuata riadha anakijua hicho cha pili. Kiko Pullman, mji mdogo, na ndiko Henry Rono alikosoma alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka wa 1978. Samson Kimobwa, Julius Korir na Peter Koech walipitia hukohuko. Historia ya namna hiyo haikukiokoa chuo, maana Pullman haina watazamaji wa kuuzwa.

Kwetu Kenya vyuo bado havijafika huko. Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru hushindana na majirani, na kuokoa nauli ya basi ni sababu ya busara. Runinga imetuvuruga kwenye soka ya klabu. Mwaka wa 2015 shirikisho la soka, FKF, lilitaka ligi kuu ya timu 18, huku KPL, kampuni ya klabu zenyewe, ikishikilia 16. Kwa muda nchi ikawa na ligi mbili. Mvutano ukarudi 2017, na safari hii 18 zikapita: Nzoia Sugar, Zoo ya Kericho, Kariobangi Sharks na Nakumatt zikapanda. Aprili mwaka huo SuperSport, iliyokuwa ikiirusha ligi, ikavunja mkataba, ikisema ulijengwa juu ya timu 16. Klabu zilizozoea ruzuku ya kila mwezi zikaachwa zikikopa.

FKF haikukosea kutaka ligi pana. Kosa lilikuwa kuipanua huku mkataba unaolipa mishahara ukisema vingine.

Na Meru na Embu je? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu, jumla zaidi ya milioni mbili. Viwanja vipo: Kinoru ulikarabatiwa kwa ajili ya CHAN 2018, mashindano ya soka ya Afrika ambayo Kenya ilinyang'anywa uenyeji wake, na Moi Embu ulipokea Madaraka Dei ya 2023. Ila ingia hoteli yoyote ya Makutano, mjini Meru, jioni ya mechi ya Arsenal. Dekoda ni moja, benchi zimejaa hadi mlangoni, kila mmoja ameshika kikombe cha chai ili asifukuzwe. Kwa hesabu ya kampuni ya runinga, humo mna mteja mmoja. Ndiyo maana fomula ya Rutgers haiwezi kuhamishiwa hapa ilivyo: macho yetu ni mengi kuliko akaunti zetu.

Pengine mnunuzi wetu halisi ni mtangazaji wa bidhaa, anayetaka macho bila kujali nani kalipia dekoda. Weru TV na Baite TV tayari zinamtafutia macho hayo kwa Kimeru. Basi viongozi wa klabu za Meru na Embu, mkiitwa kwenye meza ya mkataba wa runinga, jihesabieni watazamaji wenu wa hotelini kabla hamjahesabiwa na mwingine. Na kipengele cha idadi ya timu kisomeni kabla ya kile cha pesa.