Fahamu: Ukubwa wa samaki wa Naivasha unatuambia nini?

Samaki wanapoadimika sokoni Nakuru, wengi huuliza ni tani ngapi zimevuliwa Ziwa Naivasha. Swali lenye uzito zaidi ni hili: samaki hao wana ukubwa gani? Mvua za masika, Machi hadi Mei, hupandisha maji, na kingo zenye mafunjo na nyasi zilizofurika huwa mahali pa kuzaliana na kulelea vifaranga. Baadaye ziwa hujaa samaki wadogo na wastani wa ukubwa hushuka. Hilo ni jambo la kawaida. Hatari huja msimu unapopita na wakubwa wasionekane tena, kwa kuwa jike mkubwa hutoa mayai mengi kuliko mdogo.

Wapo wanaosema kupanda na kushuka kwa ziwa ndiko kunakoamua kila kitu. Wana hoja: maji yakipungua, mazalia hukauka. Lakini nyavu zenye matundu madogo huwanasa samaki kabla hawajazaa hata mara moja, maji yawe mengi au machache. Uvuvi wa kupita kiasi ndio uliosababisha Naivasha ifungwe kwa mwaka mmoja kuanzia 2001. Ni kweli kwamba kufunga ziwa huumiza familia zinazoishi kwa uvuvi. Kwa sababu hiyo hasa, tulinde mazalia, tudhibiti nyavu na tupime urefu wa samaki kila mwezi, ili dalili zionekane mapema na ziwa lisilazimike kufungwa.