Hitilafu za makro na mikato ya kibodi

Makro ni mfululizo wa amri za kompyuta uliohifadhiwa kwa jina moja ili amri zote zitekelezwe kwa mara moja. Mkato wa kibodi ni kubonyeza vitufe viwili au zaidi kwa pamoja, kama vile Ctrl na S, ili kutoa amri bila kutumia kipanya. Katika programu za kuandikia hati kama Microsoft Word na LibreOffice Writer, mambo haya mawili huenda pamoja: mtumiaji hurekodi makro, kisha huipa mkato wa kuiita.

Makro iliyorekodiwa inaposhindwa, mara nyingi programu yenyewe huwa haijaharibika. Makro hutunza amri zilizotolewa wakati wa kurekodi. Haijui nia ya aliyeirekodi. Kwa hiyo hufanya kazi vizuri pale tu ambapo hali ya hati, ya kompyuta na ya kibodi inafanana na ilivyokuwa siku ya kurekodi. Kutatua hitilafu ni kutafuta kitu kilichobadilika tangu siku hiyo.

## Matumizi ofisini

Barua rasmi ya ofisi ya umma nchini Tanzania ina sehemu zinazojirudia: anwani, kumbukumbu ya jalada inayoanza na "Kumb. Na.", tarehe, anwani ya mpelekewa, kichwa kinachoanza na "YAH:", maelezo na sahihi. Sehemu hizo zinafaa kurekodiwa kama makro kwa sababu huandikwa kila siku kwa mpangilio uleule.

Kazi ya kuchapa barua kwa desturi ni ya katibu mahsusi. Makatibu wengi wa zamani walijifunza kwa taipureta, kwa mfano katika Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania. Kwenye taipureta kila barua ilichapwa upya, na mchapaji aliona kila herufi ikitua karatasini. Makro huokoa muda huo, lakini kosa lililomo ndani yake hurudiwa katika kila barua, na huweza kupita bila kuonekana hadi barua imekwisha kusainiwa na kutumwa.

## Historia fupi

Matoleo ya awali ya Word yalitumia lugha ya WordBasic kwa makro. Kuanzia Word 97 ilichukuliwa nafasi na Visual Basic for Applications, inayotumika mpaka sasa. Kwa upande wa programu huria, OpenOffice.org ilipata kirekodi cha makro katika toleo la 1.1 la mwaka 2003. Mwaka 2004 Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu hiyo, lilitolewa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice.org mwaka 2010.

## Maswali manne ya kuanzia

Anayetafuta chanzo cha hitilafu anashauriwa kujiuliza maswali manne kwa mpangilio huu:

1. Je, makro ipo kwenye kompyuta hii?
2. Je, inaruhusiwa kufanya kazi?
3. Je, mkato wa kibodi unaifikia?
4. Je, inaanza mahali sahihi ndani ya hati?

Njia ya haraka ya kuyatenganisha ni kuiita makro bila mkato wake. Katika Word, Alt+F8 hufungua orodha ya makro zote. Chagua jina lake na uiendeshe. Katika LibreOffice, fungua menyu ya "Tools", kisha "Macros", kisha "Run Macro". Makro isipoonekana katika orodha, tatizo ni swali la kwanza. Ikionekana lakini ikakataliwa, ni la pili. Ikifanya kazi vizuri kutoka kwenye orodha, kosa liko kwenye vitufe, yaani swali la tatu. Ikikimbia lakini ikaharibu hati, ni la nne.

## Makro kutoonekana

Word huhifadhi makro ama ndani ya hati yenyewe ama ndani ya kiolezo cha jumla kiitwacho Normal.dotm, kilichomo katika kompyuta ya mtumiaji. Makro iliyowekwa kwenye Normal.dotm hupatikana kwa hati zote za kompyuta hiyo, lakini haisafiri na hati. Mtu akibeba barua kwenye flashi kutoka ofisini Dodoma hadi Singida, barua itafunguka bila makro.

Aina ya faili nayo ni muhimu. Tangu Word 2007, faili lenye mwisho wa .docx haliwezi kubeba makro. Hati yenye makro lazima ihifadhiwe kwa mwisho wa .docm, au .dotm ikiwa ni kiolezo.

Sababu nyingine ni umeme kukatika. Kwa kawaida Word huandika mabadiliko ya Normal.dotm kwenye diski pale programu inapofungwa. Kompyuta ya mezani ikizimika ghafla kabla ya hapo, makro iliyorekodiwa asubuhi inaweza kupotea hata kama barua yenyewe ilihifadhiwa. Kinga ni kubonyeza Alt+F11 mara baada ya kurekodi ili kufungua kihariri cha makro, kuchagua Normal katika orodha ya kushoto, na kuhifadhi hapohapo kwa Ctrl+S. Inafaa pia kutunza nakala ya faili la Normal.dotm mahali pengine.

Katika LibreOffice, wanaoanza hukosa hata amri ya kurekodi. Amri hiyo hufichwa mpaka mtumiaji airuhusu: "Tools", kisha "Options", kisha "Advanced" chini ya LibreOffice, na kuweka alama kwenye kisanduku cha kuruhusu kurekodi makro. Kirekodi chake hufanya kazi katika Writer na Calc tu.

## Makro kukataliwa

Makro ni programu ndogo, na programu inaweza kutumika kwa ubaya. Kirusi cha Concept kilisambaa kupitia hati za Word mwaka 1995. Melissa, kilichotokea Machi 1999, kilijituma kwa barua pepe kwa majina 50 ya kwanza katika kitabu cha anwani cha kila aliyefungua hati yake. Kutokana na historia hiyo, Word na LibreOffice huzuia makro zisizojulikana, na tangu mwaka 2022 Microsoft imekuwa ikizuia kwa kawaida makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti.

Windows hulitambua faili la intaneti kwa alama ya siri inayobandikwa wakati wa kulipakua. Alama hiyo hutegemea mfumo wa diski uitwao NTFS. Flashi nyingi hutumia mfumo wa FAT32 usioweza kuibeba, kwa hiyo faili lililopitia flashi linaweza kufika likiwa halina alama, na Word ikaonyesha tu kitufe cha kawaida cha kuruhusu makro. Kutozuiwa kwa faili la namna hiyo si ushahidi kwamba ni salama.

Kosa kubwa hapa ni kushusha ulinzi wote ili makro moja ifanye kazi. Njia iliyo salama ni kuthibitisha kwanza nani aliyetengeneza faili, kisha kuliweka katika folda iliyotajwa kwenye mipangilio kuwa ya kuaminika, na kuacha ulinzi wa mafaili mengine kama ulivyo.

## Mkato kutofanya kazi

Makro inapoendeshwa vizuri kutoka kwenye orodha lakini mkato wake haujibu, sababu za kawaida ni hizi:

* Mkato una kazi nyingine. Word huruhusu mkato uliokwisha kutumika upewe makro. Anayeipa makro yake Ctrl+P atagundua kwamba mkato huo hauchapishi tena. Dirisha la kugawa vitufe huonyesha amri inayoshikilia mkato kwa sasa. Lisomwe kabla ya kukubali.
* Kitufe cha Fn. Katika kompyuta mpakato nyingi, vitufe vya F1 hadi F12 hubadilisha sauti au mwanga wa skrini. Ili F8 iwe F8, huenda ukalazimika kubonyeza Fn pamoja nayo.
* Mpangilio wa kibodi. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Uingereza badala ya Marekani hubadilishana nafasi za alama ya @ na alama za kunukuu. Vilevile, katika mipangilio mingi ya Ulaya Ctrl+Alt huhesabiwa sawa na kitufe cha AltGr, hivyo mkato wa Ctrl+Alt na herufi unaweza kuandika herufi yenye alama badala ya kuita makro.
* Programu nyingine. Programu inayofanya kazi kwa nyuma inaweza kuuteka mkato kabla haujaifikia Word.
* Kitufe kibovu. Vumbi huweza kukwamisha kitufe. Jaribu kitufe cha Ctrl cha upande wa pili, au kibodi nyingine, kabla ya kubadilisha mipangilio yoyote.

## Makro kufanya kazi isiyotarajiwa

Hili ndilo kundi la hatari zaidi, kwa kuwa kompyuta haitoi onyo lolote.

Mfano mzuri ni anwani. Baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, ofisi zilizohama zilibadilisha vichwa vya barua. Anwani fupi iliyokuwa na jina la ofisi, S.L.P. na DAR ES SALAAM ikawa na mistari zaidi: Mji wa Serikali, Mtumba, jina la mtaa, S.L.P., kisha msimbo wa posta kabla ya DODOMA. Tuseme makro ilirekodiwa kwa anwani ya mistari mitatu: shuka mistari mitano, futa mstari, andika kumbukumbu mpya. Katika anwani ya mistari mitano, makro hiyohiyo itafuta mstari mwingine kabisa, na namba ya zamani ya jalada itabaki pale ilipo. Jibu la barua hiyo litaingia kwenye jalada lisilo lake.

Dawa ni kutohesabu mistari. Anza kurekodi kwa Ctrl+Home, ambayo hupeleka kielekezi mwanzo wa hati, kisha tumia amri ya kutafuta maneno "Kumb. Na." au "YAH:". Kwa njia hii makro hufuata alama iliyomo ndani ya barua badala ya idadi ya mistari. Matini yachaguliwe kwa Shift na vitufe vya mishale au Shift+End, kwa kuwa Word hairuhusu kuchagua matini kwa kipanya wakati wa kurekodi, na LibreOffice hairekodi uchaguzi wa aina hiyo.

Tarehe nayo ina mtego wake. Mkato wa Alt+Shift+D katika Word huingiza tarehe inayojisahihisha. Nakala ya barua iliyoandikwa Machi ikifunguliwa au kuchapishwa Septemba inaweza kuonyesha tarehe ya Septemba, na nakala ya kompyuta ikatofautiana na ile iliyo jaladani. Ili kuifanya tarehe kuwa maandishi ya kawaida, ichague kisha bonyeza Ctrl+Shift+F9.

Jina la makro pia linaweza kuleta matata. Katika Word, makro ikipewa jina la amri ya ndani kama FileSave, huchukua nafasi ya amri hiyo. Anayebonyeza kitufe cha kuhifadhi ataendesha makro, na hati yake inaweza isihifadhiwe. Inafaa kuchagua jina la Kiswahili linaloeleza kazi, bila nafasi kati ya maneno, kwa mfano WekaKumbukumbu.

## Kujaribu na kusahihisha

Makro hujaribiwa kwenye nakala ya hati, si kwenye hati halisi. Ctrl+Z inaweza kutengua kazi yake, lakini hurudi hatua moja moja, na makro moja inaweza kuwa na hatua nyingi.

Katika Word, amri ya "Step Into" ndani ya orodha ya makro hufungua kihariri, na kila kubonyeza F8 huendesha mstari mmoja. Madirisha ya kihariri na hati yakipangwa pembeni kwa pembeni, mtumiaji huona ni mstari gani unaokwenda kombo. Makro fupi kwa kawaida ni rahisi zaidi kurekodiwa upya kuliko kurekebishwa.

Si kila kazi inahitaji makro. Maneno yanayorudiwa, kama jina refu la taasisi, yanaweza kuwekwa kwenye orodha ya usahihishaji wa kiotomatiki ili kifupi kigeuzwe kuwa jina kamili. Barua yenye mpangilio uleule hufaa kuwa kiolezo. Njia hizo mbili hazizuiwi na ulinzi wa makro, na mtumishi anayepokea kazi kutoka kwa mwenzake huzielewa kwa urahisi zaidi.