Adui Aliyejeruhiwa

Wasikilizaji, na ninyi msomao maneno haya, wazee wetu walisema kwamba mtu ni utu. Lakini utu huo wafika mpaka wapi? Mtu akija kukushambulia kwa silaha, kisha akaanguka mbele yako akitoka damu, je, yakupasa kumfunga jeraha?

Swali hilo lilimkuta Bwana Henry Dunant, mfanya biashara wa Geneva katika nchi ya Uswisi. Tarehe 24 Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana na jeshi la Austria huko Solferino, kaskazini ya Italia. Jua lilipokuchwa, maelfu ya majeruhi walikuwa wamelala mashambani, na waganga walikuwa wachache mno. Bwana Dunant, aliyekuwa safarini kwa shughuli zake, alishirikiana na wanawake wa mji wa Castiglione kuwanywesha maji na kuwafunga majeraha watu wa pande zote mbili, pasipo kuuliza huyu ni askari wa nani.

Mwaka wa 1862 alitoa kitabu chenye mashauri mawili: kila nchi itayarishe wasaidizi wakati wa amani, na mataifa yaagane kuwalinda majeruhi na wauguzi wao. Mwaka wa 1863 kamati ya watu watano iliundwa Geneva, nayo ndiyo asili ya Msalaba Mwekundu. Tarehe 22 Agosti 1864 wajumbe wa mataifa 12 walitia sahihi mkataba. Mikataba minne ya mwaka wa 1949, ambayo yawalinda pia mateka na raia, imekubaliwa na mataifa yote ya dunia.

Wako wasemao kwamba kumponya adui ni kumwongezea nguvu. Basi na wafikiri: ndugu yao naye aweza kuanguka upande wa pili, na huko atamtegemea nani?

Alama ya msalaba ule si ngao ya chuma, ni rangi juu ya kitambaa tu. Nguvu yake yote ni kuaminiwa. Kwa hiyo afichaye bunduki katika gari la wagonjwa huwaponza majeruhi wake mwenyewe, maana kesho gari la kweli halitaaminiwa.

Bwana Dunant alifilisika, akaishi miaka mingi katika umaskini, hata mwaka wa 1901 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Frédéric Passy. Hakuweza kukomesha vita. Lakini alifundisha kwamba hata vitani, mtu aliyeangusha silaha yake si adui tena; ni mgonjwa.