Kabla ya Daraja, Tulivushana

Mgeni mmoja niliyekaa naye kwenye basi la Mahenge aliuchungulia Mto Kilombero dirishani, akasema kabla ya Daraja la Magufuli watu wa huku walikuwa kisiwani. Nilinyamaza kwa heshima ya ugeni wake, lakini neno lake liliniuma.

Mndamba wa bonde hili na mto ni chanda na pete. Maji haya huteremka toka Njombe na Iringa kwa Ruhuji, Mnyera na Mpanga, na masika yakitanda bondeni, watu walikwenda kujuliana hali kwa mtumbwi. Kijana alishika pondo kabla hajakabidhiwa jembe. Namwona hadi leo mjomba wangu akitupanga: mwenye mtoto mgongoni katikati, gunia la mpunga miguuni, msemaji sana mbele yake amwone. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba. Keti chini, mikono ndani." Akiona viputo vya kiboko aliinua pondo, nasi tukabana pumzi mpaka mwenye mto apite.

Pantoni ilipokuja, adabu ile ilihamia Kivukoni. Walioshuka treni ya TAZARA toka Mbeya na Makambako walipanga foleni na wachuuzi wa mchele. Mndamba, Mpogoro, Mbena na Mhehe wakala kambale wa kukaanga kwa mama lishe mmoja. Jeneza halikungoja zamu. Malori yalirudi nyuma, wanaume wakavua kofia, na asiyemjua marehemu akatia bega. Undugu mwingi wa bonde hili ulianzia kwenye foleni hiyo, na ndoa pia.

Daraja silipingi hata kidogo. Januari 2016 kivuko kilizama kwenye dhoruba, na kabla ya hapo tumekesha ukingoni na wagonjwa tukiomba kuche. Mita 384 zilizozinduliwa Mei 2018 zimeokoa roho za watu. Lakini waliotuvusha miaka yote hiyo, wakiujua mto kwa rangi na kwa harufu, mbona hawatajwi? Leo basi linafika ng'ambo hujamaliza kumsalimu jirani yako, na watoto wa shangazi wanamjua kiboko kwa picha.

Mjomba ameulaza mtumbwi wake chini ya mwembe. Gogo likikauka hupasuka, kwa hiyo kila jioni huumwagia ndoo mbili za maji. Mwaka huu ufa umefika tezi.